Nilimtoa Baba Kwenye Foleni ya Laser

Kosa la wengi wetu tukifika hospitali ni kumpima daktari kwa saa: akikawia hajui kazi, akiwahi ni bingwa. Barua hii inaonyesha jinsi kosa hilo linavyoweza kumpotezea mtu macho.

*Mshauri wetu, shikamoo. Naomba msaada, na unisamehe nikikuchosha, maana jambo hili limenikaa kooni wiki ya tatu sasa. Baba yangu, Mzee Amosi, ni mrina asali hapa Ugalla, ana presha ya macho, jicho la kushoto limeshakufa na la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, tukasikia kuna daktari Mpanda ameletewa mashine mpya ya laser, ile inayotibu presha hiyo kwa mwanga, tukaenda, baba akawa mtu wa nane, kumbe ndiyo siku ya kwanza ya Daktari Hadia kuitumia. Mgonjwa wa kwanza alikaa ndani dakika thelathini na tano, nilikuwa natazama simu, wa pili thelathini, wa tano ishirini, na pale nje mkulima mmoja wa tumbaku akasema kwa sauti, "Nyie hamwoni? Huyu mama anajifunzia kwenye macho yetu!" watu wakacheka, lakini baba hakucheka. Wa saba akatoka baada ya dakika kumi na nne, nami nikamwambia baba, "Sasa ameanza kulipua kazi," baba akasimama, "Aneth, mimi si mzinga wa majaribio, twende zetu," nesi Egide akatukimbilia hadi getini, "Mzee wangu, zamu ni yako!" tukapanda bodaboda tukaondoka. Tangu hapo baba ameacha dawa ya matone, anatia jichoni asali ya nyuki wadogo kama walivyofanya wazee wake, na juzi alimimina chai pembeni ya kikombe. Je, nimrudishe, au tusubiri miezi sita daktari azoee?*
*Aneth, Ugalla*

Marahaba, Aneth. Unampenda baba yako, nimeliona hilo. Ila umemlaumu daktari kwa kukawia, kisha ukamlaumu kwa kuwahi. Mwanangu, ulitaka afanyeje?

Zisome tena dakika zako. Wewe umeona mashaka. Mimi niliyefundisha wauguzi wa macho kwa miaka mingi naona kazi ya kuvulia kofia. Watu hudhani daktari huongeza mwendo kwa kukimbiza mikono. Sivyo. Kinachopungua ni kusita. Kwa mgonjwa wa kwanza anatafuta kimo cha kiti, anajaribu nguvu ndogo ya mwanga, anatazama jicho limepokeaje, ndipo anaongeza. Kwa wa tano, nesi ameshajua kioo kipi kinahitajika na anakishika tayari kabla ya kuombwa. Kwa wa saba, mgonjwa ameshafundishwa nje namna ya kutuliza kidevu na kukazia macho taa moja. Dakika zinaokolewa kabla mwanga haujawashwa. Kitu kimoja daktari mzuri hakipunguzi hata awe na haraka gani, nacho ni kulikagua jicho kabla na baada.

Muulize baba yako alipoacha mzinga wa gogo akaanza kurina kwenye mzinga wa mbao. Siku ile hakukawia? Nyuki walikuwa walewale, moshi uleule; mikono ndiyo ilikuwa inauzoea mfuniko. Daktari aliyekubali kuonekana mzito mbele ya watu wanaomcheka, asiruke hatua hata moja, ndiye ninayemtaka kwa jicho langu mwenyewe.

Mlikuwa na haki ya kumuuliza amefunzwa wapi na nani anamsimamia. Hilo ni swali la heshima, na angewajibu. Kukimbia si swali.

Sasa nikugombeze kidogo. Presha ya macho ikila uoni hairudishi. Hata laser huokoa kilichobaki tu. Asali ya nyuki wadogo ni tamu kwenye uji, jichoni haishushi presha hata chembe. Iondoeni, na matone yarudi kama yalivyoandikwa. Ile chai iliyomwagika inakuambia kwamba miezi sita hamna. Daktari Hadia ataendelea kuzoea, baba yako akiwepo au asipokuwepo. Jicho lake ndilo halitangoja.

Leo hii, mpandishe baba gari la Mpanda.