Kitabu cha Mapishi cha Bochaberi

Nyaramba, 9 Juni 1968

Shemeji yangu Nyaboke,

Sisi ni wazima, na majani chai yameota vizuri. Kile kitabu ambacho marehemu dada yako Bochaberi aliapa kukipika chote, sasa binti yetu Mong'ina anakimalizia. Majuzi alioka keki ndani ya sufuria, makaa juu ya mfuniko. Iliungua chini, lakini nilikula vipande vitatu.

Ukurasa wa nguruwe ulitutatiza, maana sisi ni Wasabato. Nikamwambia auruke.

"Baba, mama alisema chote."

Basi akafuata kitabu neno kwa neno, ila kwa nyama ya mbuzi. Mchungaji alikuja kula nasi, akaongezewa mara mbili. Mtoto huyu ananishangaza.

Uliandika kwamba msichana wa miaka kumi na mitatu halelewi na mwanamume peke yake, na kwamba Agosti utakuja kumchukua. Nilichelewa kujibu kwa sababu sikuweza. Amebakiza mapishi sita. Njoo, shemeji, uyale yote pamoja nasi, halafu umwulize mwenyewe. Akisema anakwenda, nitambebea sanduku mpaka stendi.

Ni mimi shemeji yako,
Onchiri