Uzi Mwekundu kwenye Madumu ya Kunywa

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na wanangu wawili. Natumaini mgongo umekuachia kidogo, na kwamba yule wa pili ameacha kupata mafua kila siku ya mtihani. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake ni mzima kabisa, na juma lililopita uliwapitia wajumbe wa kamati ya maji mmoja baada ya mwingine.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu mimi huanza utani, nawe huniambia una kazi, basi tunaishia hapo. Karatasi hainikatizi.

Habari kubwa ya huku ni maji. Wanabadilisha mabomba ya mtaa mzima, na tumetangaziwa kwamba yatakatika kwa majuma mawili, pengine zaidi. Mama akanituma nikatafute vyombo vya kuweka akiba, maana vile vya zamani vimepasuka. Alinipa masharti kana kwamba naenda kumchagulia mkwe: visiwe vimewahi kubeba kitu kisicholiwa, vifuniko vikaze, na visiwe vikubwa hata mtu wa magoti kama yake ashindwe kuviinamisha.

Sokoni nilimkuta muuza mapipa, mtu wa maneno matamu, akanionyesha pipa la buluu kwa bei ya kutupa. Nilipomuuliza lilibeba nini, akasema sabuni. Nikazunguka kidogo, nikarudi kumuuliza tena, safari hii akasema ilikuwa dawa ya mimea, lakini limeoshwa na linang'aa. Nikaingiza kichwa kizima ndani ninuse, watu wakacheka. Harufu ilikuwa ndogo mno, lakini niliijua. Niliondoka pale bila hata kumuaga.

Mwishowe nilipata kwa yule mama wa duka la mikate. Yeye hununua mafuta ya kupikia kwa madumu ya lita kumi, na yakiisha huyauza madumu kwa bei ndogo. Nikachukua sita, nikaongeza ndoo moja mpya yenye koki, ili anayetaka kunywa asichovye kikombe wala mkono. Niliyaosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka utelezi wote ukaisha, nikasuuza kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu, kisha kwa maji safi. Sasa yamejaa, yamepangwa stoo mahali jua halifiki, na kila moja nimeliandika tarehe. Mama alikuja kuyakagua, akatafuta kosa, akakosa.

Wakati naosha nilikukumbuka mpaka nikakaa chini. Nilizikumbuka zile Jumamosi zako, unatia changarawe na povu ndani ya dumu, unalitikisa huku unacheza, mimi nakupigia makofi. Ulikuwa ukigonga dumu kwa kifundo cha kidole na kutaja maji yaliyobaki, na sikumbuki ukikosea. Baba alikuwa akikukatia uzi mwekundu pale kwenye cherehani yake, nawe unaufunga kwenye mpini wa kila dumu la kunywa, ili yasichanganyike na ya kufulia. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika vifuniko tu, na nilijiona waziri. Nyumba hii ilikuwa na kelele zako kila kona. Ningepewa Jumamosi moja tu ya zile, nisingeomba kitu kingine.

Basi nifike kule ninakokuzungukia. Mficha uchi hazai, nami nimeficha miaka thelathini na moja.

Siku chache kabla baba hajaugua, alikuja mpuliza dawa ya kunguni kwa jirani. Wewe ulikuwa bado shuleni, sisi wa madarasa ya chini tulikuwa tumeshatoka. Chombo chake cha kuchanganyia kilivuja, akaniomba dumu lenye kifuniko kinachokaza. Madumu ya kufulia yote yalikuwa na vifuniko vilivyolegea, unayajua. Nikampa moja la kunywa. Nilifungua uzi kwanza, kwa hiyo siwezi kusema sikujua nafanya nini. Alinilipa pipi mbili. Aliporudisha, nililiosha kwa sabuni na changarawe kama nilivyokuona ukifanya, mara tatu, nikanusa, nikaona harufu imekwisha, nikafunga uzi tena. Sikujua kwamba plastiki hunywa dawa na kuitema polepole. Kesho yake wewe ukalijaza maji kwa kuuamini uzi ule. Baba akarudi kutoka kazini na kiu, akanywa vikombe viwili.

Daktari aliposema ni sumu ya kwenye maji, mama aliuliza ni nani anayeosha madumu, na jibu lilijulikana. Uliapa kwamba hujui lolote. Mimi, kasuku wa nyumba nzima, nilikuwa nimekaa pale pale na sikufungua mdomo. Baba alipona baada ya siku tatu, lakini hasira ya mama haikupona. Alikupeleka kwa shangazi, akisema mtoto mzembe namna ile ataua mtu. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Juma lile lile mimi nilihamia kitandani kwako.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimekutazama umebeba wangu miaka yote hii, nikijiambia umeshauzoea. Siku ya mazishi ya baba ulikuja na chupa yako ya maji ndani ya mkoba, hukuonja maji ya nyumba hii hata tone. Mama aliiona, akadhani ni kiburi. Mimi nilijua si kiburi, na bado nikanyamaza. Nakuomba unisamehe, dada. Ukishindwa, sitakulaumu.

Juzi, nilipomaliza kupanga madumu, nilimweleza mama yote. Nilitegemea kufokewa. Aliniuliza mara mbili kama kweli siku ile uliapa, maana hilo alikuwa amelisahau. Nikamwambia uliapa, na ulilia. Basi naye akalia, kwa sauti, kilio ambacho hata kwenye msiba wa baba sikukisikia. Alipotulia nikamwambia nitakuandikia kukuomba uje nyumbani. Akanikataza. Akasema mtu aliyefukuzwa haitwi, anafuatwa.

Amekwisha kukata tiketi ya basi la Alhamisi. Nilitaka nimsindikize, akakataa, akasema alikupeleka peke yake na atakufuata peke yake. Barua hii naituma kwa basi la leo ili imtangulie. Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Atashuka kituoni saa kumi jioni. Nakuomba awepo mtu wa kumpokea, hata kama si wewe. Mama hajui nyumba yako ilipo.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku