Ramani ya Darasa la Sita

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Maisaka tu wazima. Mama yako amemaliza kuvuna mbaazi, na goti la babu yako limepata nafuu.

Unaniuliza ufanyeje na wanafunzi wanaonyamaza kwenye Maarifa ya Jamii. Nami nilipokuwa mwalimu mgeni katika shule ya Bonga, niliandika ubaoni, darasa la sita wakanakili, basi. Mwaka huo wafugaji na wakulima waligombana, kwa kuwa njia ya ng'ombe kwenda majini ilikuwa imelimwa. Watoto wao wakakataa kuketi dawati moja.

Siku moja nikaweka chaki chini, nikawauliza, "Hiyo njia ilipita wapi?" Kila mmoja alikuwa na jibu lake. Nikawatuma wawili wawili, mtoto wa mfugaji na wa mkulima, wakawaulize wazee wa pande zote, kisha wachore ramani.

Mwalimu mkuu akanionya, "Utatuletea ugomvi shuleni." Niliogopa, lakini ramani zilipokamilika niliwaita wazazi na wazee wale. Udagwenga, binti wa mfugaji ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akasimama mbele yao na ramani aliyoichora na mwenzake Paskali, mtoto wa mkulima.

"Ilipita hapa," akasema. "Babu yangu amekubali. Baba Paskali naye amekubali, na shamba ni lake."

Wazee waliinama kuitazama, wala hakuna aliyebisha. Wiki ileile njia ikafunguliwa. Ng'ombe walipopita, darasa zima lilishangilia, na mimi nilipiga vigelegele kuliko wote.

Jibu la swali lile hata mimi sikulijua, Neema. Nadhani ndiyo maana walizungumza.

Bibi yako anayekupenda