Mafuta Niliyamimina Mimi

Wifi yangu mpenzi,

Huku hatujambo, na ndoa ni tamu jamani! Kaka yako ananiletea chai kitandani, na mbele ya majirani bado ananiita bibi harusi.

Lakini kila nikiiona blenda uliyotuzawadia, naona haya. Ile Jumapili ya wageni wa mama ulinionya, "Mafuta kidogo kidogo, wifi, kama uzi, la sivyo sosi itakatika." Ukaenda kupanga sahani. Kaka yako akapita, akaninong'oneza neno, nikayeyuka, nikamimina chupa nzima ndani ya blenda. Sosi ya saladi iliyokuwa imeanza kuwa nzito kama krimu ikakatika, mafuta yakaelea juu.

Mama alipouliza, nikasema ni wewe. Ulinitazama, kisha ukasema, "Nisamehe, mama."

Akakusema mbele ya wageni: "Mtu mzima hovyo! Hebu jifunze kwa mke wa kaka yako." Nami nikatabasamu, wifi. Nilitabasamu!

Mpaka leo kaka yako anakuita Mkata Sosi, na mimi nacheka naye, maana naogopa asije akaniona mwingine. Wewe hujanisema hata kwa utani.

Mama nimemwambia ukweli leo asubuhi. Amebaki kaka yako, na mdomo wangu kwake ni mzito. Kwa hiyo barua hii nampa yeye aipeleke posta. Bahasha sijaifunga, na nitamwambia aisome kwanza.

Nisamehe.

Wifi yako asiyestahili kunyamaziwa