Dirisha la Mtu Aliyeketi

Mpendwa mke wangu, Mama Siwema,

Sina anwani yako, ndiyo maana barua hii naiacha wazi. Yeyote anayevuka Ruvuma kwenda Msumbiji aichukue, na akikuona akusomee. Mimi niliishia darasa la nne, kuandika kunanichosha kuliko kubeba mizigo. Lakini leo nimekasirika, na hapa Tanga sina wa kumwambia.

Kwenye mkonge nilishatoka. Sasa ni kibarua wa kupiga msasa kwenye karakana ya boti. Tunamalizia boti ya matanga ya mhandisi mmoja Mzungu na mkewe, ambao wanataka kuishi ndani yake na kutembea baharini kwa starehe. Ganda la nje hutoka kwenye kalibu moja, boti zote sawa. Ndani ndiko mwenye mali anakochagua: kitanda kikae wapi, jiko liwe upande gani. Nilipoelezwa hivyo nilicheka peke yangu. Nilikumbuka siku tuliyohamishiwa kijiji kipya pale Newala, nyumba zote mistari, zote kipimo kimoja, na wewe ukauliza kama mtu anaruhusiwa kuchagua dirisha tu.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama na kamba yake ya kupimia. Kila nyumba ilipewa dirisha moja dogo, juu, karibu na paa. Alikueleza kwa upole kwamba limewekwa juu ili mwizi asichungulie. Ulimwamkia kwanza, akaitikia marahaba, ndipo ukamwambia:

"Mwizi simwogopi, Mwenyekiti. Nataka nikiwa nimeketi nimwone anayekuja kabla yeye hajaniona mimi."

Watu walicheka. Mmoja akasema ninyi Wamawia wa ng'ambo ya Ruvuma mmezoea kukaa porini, nyumba ya kuta mnaionea shaka. Nilibishana na Mwenyekiti hadi jua likazama, akanishinda. Alisema nikitoboa ukuta wangu, kesho kijiji kizima kitatoboa.

Wale waliocheka hawakujua. Mimi nilijua, kwa sababu ulinisimulia tukipanda mlima na ndoo za maji kutoka bondeni, kidogo kidogo, kila tulipotua kupumzika. Kwamba kule kwenu mlikuwa ndani mnakula, nyumba haina dirisha, na askari wa Mreno wakafika mlangoni kabla hata mbwa hajabweka. Wewe ulipenya ukuta wa nyasi kwa nyuma. Mama yako alibaki. Tangu hapo hukuweza kula ukiwa umeupa mlango mgongo. Katika nyumba yetu mpya ulikuwa unakula mlangoni, sahani mapajani, mvua ikikurushia matone, Siwema akilia kwa baridi. Nilikusihi uingie. Ukaniambia bila hasira:

"Nyumba hii haioni, Baba Siwema."

Uhuru wa Msumbiji ulipofika ukamchukua mtoto ukaenda kumtafuta mama yako. Sikukuzuia. Mikorosho yetu ilikuwa imebaki kwenye mahame, mbali na kijiji kipya, nikaja huku kutafuta kibarua. Halafu mwezi uliopita akapita mtu wa Chiungutwa na salamu zako. Kwamba mama umempata, yu hai, na ungependa kuja naye Newala. Lakini ulimtuma aniulize swali moja tu: nyumba imeanza kuona? Nilimwambia asubiri, nitamjibu. Hakusubiri, basi lake lilikuwa linaondoka.

Jibu nilikuwa nalo, Mama Siwema. Lilikuwa chini ya kitanda changu. Boti hii ina sebule iliyoinuliwa juu ya sitaha, ili mtu akae kwenye kiti na aone nje pande zote. Madirisha ya kwanza yalikuwa madogo, mwenye boti akayakataa, akataka makubwa. Vile vioo vidogo, vizito, vya plastiki ngumu isiyopasuka, nilimwomba msimamizi. Akasema, "Chukua. Boti ikipitishwa na mwenyewe, ni vyako." Nikavifunga kwenye gunia. Basi nikawa nangoja boti ipitishwe kama mtu anayengoja mvua. Mara wakahamisha kitanda. Mara jiko. Kila wakihamisha, mimi napiga msasa upya, mavumbi yananiingia mpaka kwenye meno.

Jana wakaijaribu. Walitaka kujua boti itakuwaje ikiwa na wageni, kwa hiyo vibarua watatu tukaambiwa tuoge tuwe wageni. Mwenzangu mmoja, Mdigo wa hapa, akanishika bega: "Leo Mmakonde ni balozi. Usiteme mate sakafuni."

Niliketi. Sikuinua shingo, sikusimama, na niliiona bandari yote, maghala, mitumbwi, hadi mtu aliyekuwa anakuja nyuma yetu. Nilikuwa nimeketi mahali pako. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo.

Mwenye boti akaomba, kupitia kwa msimamizi, kila mmoja aseme ukweli. Nikasema. Kiti ni kizuri. Vishikio viko kila mahali, boti ikilalia upande huanguki. Mvua ikinyesha mtu anashika usukani akiwa ndani. Maji unakanyaga bomba kwa mguu yanakuja, na hapo niliukumbuka mlima tuliopanda na ndoo. Ila mashine iko chini ya sakafu na inatetemesha meno, harufu ya vitunguu haitoki, na chini ya vioo vile kuna joto kama bati la mchana.

Mke wa mwenye boti akapiga mkono mezani. Alisema ndilo alilolisema siku zote, joto, na tena kila mtu bandarini anamwona akila. Anataka madogo yarudi.

Msimamizi alinitazama. Sikuwa na haja ya kuulizwa. Asubuhi hii nimelivuta gunia kutoka chini ya kitanda na kulirudisha. Niliuliza kuhusu yale makubwa, nikajibiwa yatangoja mteja mwingine. Kazi niliyopewa leo ni kuziba pembezoni tulikopanua matundu ya madirisha, ili vioo vyangu vienee. Nimekataa. Msasa nimeuweka juu ya benchi.

Narudi Newala. Ukuta wetu ni wa udongo, hauhitaji kioo. Nitatoboa kwa panga, niweke ubao unaofungwa kwa ndani, ufunge wewe ukitaka. Mwenyekiti akija na kamba yake, nitamtandikia mkeka aketi kwanza, ndipo aseme.

Kipimo chako ninacho. Ukiketi mkekani na mimi nimesimama, macho yako yalikuwa yanafika kwenye mfuko wa suruali yangu. Lakini mama mkwe sijawahi kumwona. Mketishe chini, chukua kamba, pima kutoka ardhini hadi machoni pake, piga fundo, umpe yeyote anayekuja Newala. Dirisha la pili sitalitoboa mpaka kamba hiyo ifike.

Msalimie sana mama. Mwambie Siwema babake yuko njiani kurudi nyumbani.

Mumeo,
Baba Siwema