Kompyuta Yenye Kitambaa

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, Mbeya yote imefunikwa na ukungu, na mimi nimekaa chumbani kwangu Ilomba na koti mwilini. Ni saa kumi jioni. Naandika nikiwa na aibu.

Kwa anayeingia humu bloguni mara ya kwanza: mimi ndiye mtu wa kompyuta katika kampuni moja ya mbegu na mbolea hapa mjini. Peke yangu. Kwa miaka yote mauzo yetu, ya hapa na ya tawi la Iringa, yalipita kwenye kompyuta moja kuukuu iliyokaa kwenye kona ya ofisi ya bosi wetu, Mzee Asajile. Mkewe aliitandikia kitambaa cheupe cha kufuma, kama televisheni ya sebuleni. Inachemka ajabu. Mzee akitoka nakitoa, nikisikia gari lake nakirudisha.

Umeme ukikatika, kompyuta hiyo ilitaka kuamshwa kwa mpangilio ninaoujua mimi tu. Ndiyo maana kwa miaka minne sijapata ruhusa ya siku mbili mfululizo. Nimekosa harusi ya binamu yangu, nimekosa Krismasi mbili kwa mama, kijijini Kalenga, Iringa. Mmenisoma humu nikilalamika kwamba nimefungwa kamba.

Mwaka huu nikamshawishi mzee tununue seva moja ya maana. Nilimweleza kwamba ni kama nyumba ya kupangisha: ndani yake unatengeneza kompyuta kadhaa zisizoshikika kwa mkono, kompyuta pepe, kila moja na chumba chake na mlango wake, na mpangaji mmoja akileta matatizo wengine hawaguswi. Programu yetu ya zamani ingehamia humo jinsi ilivyo. Umeme ukirudi ingeamka yenyewe. Nakala yake ingekaa Iringa, na siku ya hitilafu Zuhura, msimamizi wa tawi la kule, angeiwasha bila hata kunipigia. Mzee alikubali, akanunua, ila akasema ile ya zamani isiguswe mpaka nimwambie kazi imekamilika. Yeye huamini anachokiona.

Sasa ukweli.

Nilimaliza kuhamisha wiki tatu zilizopita. Kila kitu. Tangu siku hiyo hakuna risiti hata moja iliyopita kwenye ile ya zamani. Inawaka tu, inachemka bure chini ya kitambaa.

Na sikumwambia mtu.

Umeme ukikatika bado nakimbilia ofisini kwa mzee, nainama, nabonyezabonyeza. Wauzaji wanasimama mlangoni kunisubiri. Mzee anasema, "Binti yangu, bila wewe tungefunga duka." Naipenda mno sentensi hiyo. Niliogopa kwamba siku nitakayotangaza kazi imeisha, nami nitakuwa nimeisha. Kwa hiyo kamba niliyokuwa nailalamikia nikawa najifunga mwenyewe, kila asubuhi.

Alhamisi mama alifanyiwa upasuaji wa jicho katika hospitali ya Tosamaganga. Dada yangu Tumaini aliniomba niwepo. Hata mzee mwenyewe aliniuliza Jumatano kama nitaenda, nikamjibu asijali, nitabaki na mashine. Akanishukuru.

Leo asubuhi mama alinipigia, akanisalimu kwa Kihehe kama kawaida. "Kamwene, mwanangu. Usijilaumu. Hata manesi nimewaambia, mwanangu akiondoka tu, wakulima wote wa Mbeya wanakosa mbolea."

Alisema kwa kujivunia. Nililia pale pale kwenye korido ya ofisi.

Saa nne foleni ilikuwa imefika nje, watu wamejifunika mifuko ya nailoni. Niliingia kwa mzee, nikamwamkia, nikakitoa kitambaa mbele ya macho yake na kuchomoa waya kutoka ukutani.

Alisimama ghafla. Tukasikiliza wote wawili. Kule kaunta mashine ilitoa risiti. Ikatoa nyingine. Mtu akacheka kwenye foleni, mzigo ukapakiwa, risiti nyingine ikatoka.

"Tangu lini?" akauliza.

"Wiki tatu, mzee."

Nilitegemea angefoka. Alikiokota kitambaa, akakikunja mara mbili, akakaa nacho mapajani.

"Kwa hiyo hata juzi ungeweza kwenda kwa mama yako?"

"Ndiyo, mzee."

Alinitazama bila hasira, na afadhali angekasirika. "Nenda kamwone," akasema. "Ukirudi tutaongea."

Sijui tutaongea nini. Huenda kazi sina. Saa nane, nikiwa hapa napanga nguo, umeme ukakatika mji mzima, ukarudi baada ya nusu saa. Niliiweka simu kitandani nikaikodolea macho. Saa tisa ikafika. Hakuna aliyepiga, na Jumamosi duka letu hufungwa saa tisa na nusu.

Nilikuwa naiota siku hii kwa miaka minne. Mbona imeniuma?

Basi ninalopanda linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Mchana nitakuwa kando ya mama, jicho moja limefungwa bandeji, jingine linanitafuta. Nalijua swali lake la kwanza, maana kila nikimwambia nataka kuja ndilo analoanza nalo.

Mashine umemwachia nani?