Majina Arobaini na Matatu ya Bundu Sori

Bundu Sori, 3 Februari 2017

Mwanangu Dalanda,

Salamu za amani zikufikie huko Conakry. Sisi hatujambo. Mama yako goti linamsumbua, lakini bado anatuamrisha wote. Kikohozi chako kimekwisha?

Jumanne walikuja vijana wawili wa kampuni ya kuchimba boksiti, wakachora namba nyekundu kwenye kuta za nyumba zetu. Yetu ni 17. Nilipowauliza, mmoja akacheka: “Mzee, mnajisahaulisha? Si mlikubali wenyewe kuhama!”

Hakuna aliyekubali. Wewe uko masjala ya ofisi ya madini, sheria unaijua kunishinda, lakini niache nikukumbushe: wenye ardhi huulizwa kwanza, majibu yao huandikwa, na raia ana haki ya kuyasoma. Tusomee, mwanangu. Chemchemi na mashamba yote ya nafaka yetu ya fonio yamo ndani ya namba hizo.

Baba yako,
Habibou

*

Conakry, 14 Februari

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na mama. Kikohozi kimepona.

Faili nimeisoma. Ukurasa wa 41 una orodha ya wakuu wa kaya arobaini na watatu, na juu yake pamepigwa chapa: “Waliokubali kuhama.” Baba, orodha imeandikwa kwa mkono, na mkono huo ndio ulioushika wangu nilipojifunza kuandika. Ni wako. Nilikaa na faili mapajani mpaka mlinzi akaja kufunga mlango.

Sikulaumu, niambie tu ilikuwaje. Mapingamizi yanapokelewa hadi 15 Machi. Uende kwa karani wa mahakama mjini, ueleze orodha ilikuwa ya nini, na wakuu wa kaya waliotajwa watie sahihi chini yako. Wote, Baba. Kwa hiyo itabidi uwaambie.

Binti yako,
Dalanda

*

Bundu Sori, 11 Machi

Mwanangu,

Namshukuru Mungu kwa kupona kwako. Hapa afya ipo. Amani ndiyo haipo.

Novemba wageni wa kampuni walileta kola, zile kokwa za kutafuna za heshima. Unajua desturi: kola ya mgeni hairudishwi, na kila nyumba huonja. Anayeomba shamba naye huleta kola, lakini hulitaja ombi lake kwa kinywa. Hawa hawakuomba chochote. Walitusalimia tu, wakala wali wetu. Unakumbuka jirani yetu Neene Maimouna alivyosahauliwa kugawiwa kola kwenye harusi, akaninunia miaka miwili? Basi nikaandika jina la mkuu wa kila nyumba iliyopelekewa, nisimruke mtu. Kijana wao akasema, “Mwalimu, mwandiko kama wa kitabu! Niupige picha?” Nami, mpumbavu, nikamnyooshea karatasi isiwe na mikunjo.

Jana baada ya sala ya Ijumaa nilisimama nikawaambia. Tangu namba zichorwe, mtani wangu Sadio Bah alikuwa akinipigia kelele njiani: “Nyie akina Diallo mmeuza kijiji kwa kola, tena yenye wadudu!” Jana hakutania. Alitazama chini.

Nikawaomba sahihi. Thelathini na nne wamekataa. Neene Maimouna aliniuliza mbele ya watu, “Mwalimu, karatasi yako ya kwanza imetuuza. Ya pili itatuzika?” Tisa wamekubali, Sadio akiwemo. “Usijidanganye,” akaniambia, “sisaini kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya ng'ombe wangu.”

Kesho kutwa tunakwenda kwa karani.

Baba yako

*

Conakry, 25 Machi

Baba,

Natumaini goti la mama limepoa. Mimi ni mzima.

Pingamizi lilifika tarehe 14, nikalipokea mwenyewe. Mkuu wangu alihesabu sahihi, kisha akaandika pembeni: “Kaya tisa zinapinga. Thelathini na nne zimethibitisha kukubali.” Nikamwambia kutosaini si kukubali. Akaniuliza, “Dalanda, hiki ni kijiji chenu?” Nikasema ndiyo.

Tangu jana nimehamishiwa ghala la vifaa. Faili siioni tena. Nilichokiona mwisho ni kibali cha kampuni cha kuchimba, kimeshatiwa sahihi.

Nisamehe, Baba. Ule, ulale, na usininyamazie.

Dalanda wako

*

Bundu Sori, 17 Aprili

Mwanangu Dalanda,

Salamu nyingi. Nimekunyamazia, nisamehe wewe. Barua yako iko mfukoni mwangu wiki ya pili na sijamsomea mtu, hata mama yako.

Leo alfajiri tingatinga limefika chemchemini. Wanawake wamerudi na ndoo za tope jekundu. Kabla jua halijapanda, wale waliokataa wote walikuwa uani kwangu, Neene Maimouna mbele. “Mwalimu, tulikosea. Tuandike, tusaini.”

Ilinipasa kuwaambia pale pale kwamba siku ya mwisho ya mapingamizi ilipita mwezi mzima uliopita. Badala yake nikachukua karatasi. Nimefika jina la ishirini na saba. Nimewadanganya kwamba wino umekwisha, nikaingia ndani, na ndipo ninapokuandikia. Wamebaki saba, wamesimama juani. Nasikia wanacheka: Sadio anawaambia mwandiko wangu umezeeka kuliko mimi.

Dereva wa lori la sokoni anapiga honi, nampa barua hii. Kama iko ofisi yoyote nchini ambayo bado inapokea karatasi, nitajie jina lake tu, nitakwenda hata kwa miguu. Kama haipo, nifundishe, wewe uliyesoma kunizidi: nikitoka nje sasa hivi, nianze na neno gani?

Baba yako